Neno Moja kwa Siku, Betri Isiishe

Enzi zetu Kiingereza kilitoka ndani ya mashine, neno moja kwa siku, kama kijiko cha dawa ya kikohozi, na tulikimeza ndani ya treni isiyokwenda popote. Wa rika langu mliokulia Kalemie wakati wa vita mtanielewa. Ninyi wengine, mnaosoma haya kwenye simu huku kidole kikiwawasha kuruka ukurasa, vumilieni. Sisi tulivumilia zaidi.

Reli ilikuwa imekufa. Mabehewa, au vagoni kama tunavyoyaita kwetu, yalisimama kituoni miaka na miaka. Majani yaliota katikati ya vyuma na mbuzi wa watu walipanda daraja la kwanza bila tiketi. Shule ilifunguliwa Jumatatu na kufungwa Jumatano, kutegemea nani ameamka na bunduki upande gani wa mji. Walimu hawakulipwa, kwa hiyo nao walikuwa hawafundishi, na wazazi walichoka kutuona tukizurura ufukweni tunaiba mikebuka, samaki wa ziwa letu, walioanikwa. Ndipo Mwalimu Mulongo alipochukua vagoni moja ya daraja la tatu, akafagia mavi ya mbuzi, akaandika mlangoni kwa mkaa kwamba hapa panafundishwa Kiingereza. Tulikuwa watoto kumi na mmoja. Tuliingia tukakaa kwenye viti vya mbao, jua likichoma bati juu ya vichwa vyetu, na hakuna aliyetupungia mkono wa kwaheri.

Kwa nini Kiingereza, katika mji ambao hata Kifaransa kilivaliwa Jumapili tu? Kwa sababu askari wa amani, wale wenye kofia za buluu, walikuwa wamefika, na mji mzima uliamini kwamba anayejua Kiingereza atapanda gari jeupe. Mama zetu walikuwa hawajui atapanda aende wapi. Walitaka tu apande.

Mashine yenyewe ililetwa na baba yangu, na jambo hilo sikuacha mtu alisahau. Baba alikuwa mfanyabiashara wa vitenge na sabuni, mtoto wa mfanyabiashara, mjukuu wa mfanyabiashara, watu wa kuvuka ziwa tangu zamani. Katika safari yake moja ya Kigoma alinunua kamusi ya umeme, akampa Mwalimu Mulongo ili mimi Mwamini, binti yake wa kwanza, nifundishwe vizuri. Ilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni kilichokwisha tumika wiki moja. Ukifungua kifuniko unaona vitufe vidogo na kioo cha kijivu. Unaandika neno la Kifaransa, unabonyeza, linatoka la Kiingereza. Haikuwa na sauti. Haikuwa na picha. Ilikuwa na betri mbili bapa mfano wa vifungo vya shati, ambazo Kalemie nzima hakuna duka lililokuwa nazo. Safari iliyofuata baba alivuka tena kwenda Kigoma, boti zikazuiwa, akakwama ng'ambo, na betri nyingine zikakwama pamoja naye.

Mwalimu Mulongo alikuwa amesoma Moba kwa mapadri. Alikaribia kuwa padri yeye mwenyewe, kisha akakutana na binti mmoja muuza samaki, na Kilatini hakikumsaidia kitu. Alivaa tai hata siku ambazo hakuwa amekula. Kiingereza alikuwa hajui, nasema kwa heshima zote. Kiingereza chake kilitoka kwenye mashine asubuhi na kutufikia sisi alasiri. Kwa kuwa mashine haikuwa na sauti, alisoma kila neno kwa lafudhi ya misa ya zamani, herufi zote zikihudhuria, na sisi tukaimba nyuma yake kama waumini. Tukitoka pale tungeweza kumzika mtu kwa Kiingereza, lakini si kumuuliza njia.

Ili betri zisiishe, alitunga sheria. Alisimama mbele ya vagoni, kamusi mkononi, akasema, "Watoto, neno ni nyingi, betri ni mbili, na vita haionyeshe mwisho. Kwa hiyo tutakula polepole." Kila siku ya somo, kila mtoto ataomba neno moja tu, analolitaka mwenyewe. Neno hilo linaandikwa kwenye daftari lake na linakuwa mali yake. Likishatolewa halitolewi tena kwa mwingine, maana huko ni kuchosha mashine. Ukitaka kutumia neno la mwenzako unamwambia, "Niazime," naye akikubali anajibu, "Chukua, urudishe." Ukilitumia bila kuomba, unapiga magoti juu ya kokoto za reli mpaka somo liishe. Baada ya somo alitoa zile betri, akazifunga kwenye leso, akaziweka juu ya bati la vagoni zipate jua, kwani aliamini jua linazirudishia nguvu. Tukipita tukimwuliza hali ya mashine alijibu kwa sauti ya chini, "Inapumzika." Mgonjwa wa kifua hajawahi kulindwa vile.

Mtacheka, lakini sheria ile ilitufanya matajiri na maskini ndani ya juma moja. Kasongo, mtoto wa fundi cherehani, mjanja kuliko sisi sote, siku ya kwanza aliomba neno "mimi". Tulimcheka. Kufikia Ijumaa tulikuwa tunambebea maji. Hakuna mtoto aliyeweza kusema lolote juu ya nafsi yake bila kupitia kwa Kasongo. Ukitaka kusema wewe una njaa, "Kasongo, niazime." Ukitaka kusema wewe umechoka, "Kasongo, niazime." Alikuwa anatafuna muhogo wa kuchoma kutwa nzima, na si wake. Wa pili aliomba "samaki", wa tatu "mpira", mwingine akakusanya matusi tu, jambo ambalo Mwalimu aligundua akiwa amechelewa, betri zimeshachoshwa bure. Sentensi moja ya maana ilihitaji watu watano waliopatana. Wakigombana wawili, darasa zima linakuwa bubu.

Na mimi niliomba nini? Afadhali niseme mwenyewe kabla hamjauliza. Niliomba malkia. Niliomba manukato, taji, ndege, viatu virefu, harusi. Baba yangu si ndiye mwenye mashine? Mara moja tu niliomba neno la maana, nalo kwa sababu za kiburi. Baba alikuwa ameniambia kwamba Waingereza hawakupi kitu bila kwanza kusema "tafadhali", basi nikaliomba, nikapewa, "please", nikaliandika peke yake kwenye ukurasa mzima na kulizungushia maua. Sikuwa na mtu wa kumwambia tafadhali. Nilipenda tu kuwa nalo.

Halafu kulikuwa na Feza. Feza alikuwa ametoka Pepa, kule juu kwenye ng'ombe, akashuka na mama yake kwa miguu wakati vita vilipopanda milimani. Walikaa kwenye kibanda cha turubai nyuma ya kituo. Alikuwa na umri wangu, mwembamba, mwenye kanga moja iliyofanya kazi ya nguo tatu, na hakuongea. Mwalimu alipomuuliza neno lake la kwanza alisema, "Wangu." Vagoni ikalipuka kwa kicheko. Wangu nini? Wangu bila kitu! Siku iliyofuata aliomba ndugu wa kike. Kisha akaomba kulala. Kisha hapana. Kisha kufa. Hapo tukampa jina la Mama Matanga, kwa sababu kwetu matanga ndiyo msiba wenyewe, na binti huyu alipewa mashine yenye dunia nzima ndani yake akachagua kufa. Kisha akaomba kesho, na kisha sasa. Tuliona maneno ya hovyo, ya mtu asiyejua hata kutamani. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, nilikuwa na taji na manukato daftarini.

Baada ya somo tulikuwa na kazi nyingine. Tulikimbia hadi kwenye lango la kambi ya askari wa amani, karibu na ziwa, tukashika waya wa uzio na kupiga kelele maneno yetu yote kwa zamu, samaki, malkia, mpira, ndege, kwa ile lafudhi yetu ya kanisani. Askari wa zamu alicheka hadi machozi, akapiga makofi, akaturushia biskuti. Ndivyo tulivyoelewa faida ya elimu. Feza naye alikuja, lakini alisimama pembeni kwenye kivuli cha mlingoti, mdomo umefungwa, akiwasikiliza askari wakiongea wenyewe kwa wenyewe. Alirudi nyumbani bila biskuti hata moja. Tulimwona mjinga kabisa. Hadi sasa naandika haya na bado nasikia aibu.

Siku moja zamu yake ilipofika, Feza aliomba tafadhali. Mwalimu akapekua daftari lake la orodha, akatikisa kichwa. "Ile iko ya Mwamini. Mwombe yeye." Tulipotoka alinifuata hadi kwenye ngazi ya vagoni.

"Mwamini, niazime."

"Neno gani?"

"Ile ya tafadhali."

Wenzangu walikuwa wanasikiliza, na mimi nilikuwa na tabia ya kuwa hodari mbele ya watu. Nikamwambia, "Ninyi bantu ya ng'ombe munaambiaka nani tafadhali? Ng'ombe?"

Wakacheka. Feza akageuka. Aliondoka akipita katikati ya reli, hatua moja kwa kila taruma, kama anayehesabu.

Hayakupita majuma mawili mdogo wangu Saidi akaugua. Saidi alikuwa na miaka mitatu, mnene, msumbufu, mwenye kupenda kulala juu ya tumbo la mama. Homa ilianza Jumanne. Alhamisi asubuhi alikuwa hafungui macho, na ukimpa maji yanatoka pembeni ya mdomo. Mama alimbeba mgongoni kwa kitenge, tukaenda hospitali ya mjini. Manesi walikuwepo, vitanda vilikuwepo, dawa haikuwepo. Nesi mmoja alimshika Saidi paji la uso akamwambia mama, "Kimbia kwa askari. Dokta wao anaangaliaka bantu ya mji asubuhi. Saa sita anafunga. Kimbia, mama."

Tulifika kabla ya saa tano. Mkalimani wa kambi, mtu wetu pekee pale ndani, alikuwa ameondoka na wakubwa kwa boti kwenda Moba. Langoni kulikuwa na msururu mrefu na yule yule askari mcheshi wa biskuti. Mama alimgeuzia mgongo amwone Saidi. Askari akachungulia ndani ya kitenge, akaona mtoto ametulia, macho yamefungwa. Akatabasamu kwa upole, akaweka viganja viwili chini ya shavu lake, ishara ya mtu aliyelala usingizi. Kisha akaonyesha msururu, akaonyesha jua, akasema neno lao la kesho. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya tungejua la kufanya.

Mama alisema kwa Kiswahili, akasema tena kwa Kiswahili hicho hicho kwa sauti kubwa zaidi. Halafu akanigeukia mimi. "Mwamini, si unasomaka Kiingereza? Mwambie!"

Nikafungua mdomo. Niliyatafuta maneno yangu yote, moja baada ya jingine, malkia, taji, viatu virefu. Mama alikuwa ananitazama. Nimetazamwa na watu wengi tangu siku ile, wakiwemo wakaguzi wa shule, lakini sijawahi kutazamwa vile.

"Nakwenda kumuita Mwalimu," nikasema, nikakimbia.

Mwalimu Mulongo nilimkuta kwenye vagoni anakunja tai. Nikamweleza. Akasema, "Mwamini, betri inapumzika." Na mimi, mtoto wa kufundishwa adabu, nikamjibu, "Itapumzika mpaka tumuzike?" Nilitegemea kofi. Badala yake alipanda juu ya bati, akafungua leso, akatia betri kinyume, akazitoa, akazigeuza. Sasa ninaelewa alichokiogopa. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kusimama mbele ya mtu anayekijua Kiingereza kweli. Alikuja hata hivyo, na tai yake, na njiani nikawakusanya wenzangu wote niliowakuta, Kasongo na wa samaki na wa mpira na wa matusi, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa: sentensi ni watu. Feza alikuwa mbele ya kibanda chao anatwanga. Sikumwita. Nilimpita mbio nikitazama chini.

Langoni Mwalimu alijisafisha koo, akafungua mashine, akaanza kuandika huku akiikinga na jua kwa kiganja. Jua la ziwani likamshinda. Alisogea kivulini, akabonyeza tena, akabonyeza kwa nguvu. Kioo kikawaka kijivu, kikafifia, kikawa cheupe. Akamnyooshea askari kamusi kwa mikono miwili, sijui kwa matumaini gani, labda aone kitu ambacho sisi hatukukiona. Askari akaipokea, akaigeuza, akatikisa kichwa na kuirudisha. Alidhani anauziwa. Kila siku watu walipita pale wakiuza kuku, saa, vinyago, na huyu mzee wa tai alikuwa ameleta mashine mbovu. Mwalimu Mulongo akaifunga polepole akaitia mfukoni, na mabega yake yakashuka.

Ikabaki sisi. Tukashika waya wa uzio, kila mmoja akatoa mali yake. Kasongo akapiga kelele mimi, mimi, mimi. Mwingine akasema mpira. Mimi nilisema malkia, Mungu anisamehe, kwa sababu nilitakiwa kusema kitu. Tulilia huku tukipiga kelele. Na askari akacheka! Akapiga makofi kama siku zote, akaingiza mkono kwenye kisanduku chake, akaturushia biskuti. Zilianguka miguuni pa mama. Miezi yote ile tulikuwa tumemfundisha mtu yule kwamba watoto wa Kalemie wakiongea Kiingereza wanataka biskuti, na alikuwa amefuzu somo letu vizuri kuliko sisi lake.

Hapo ndipo nilipomwona Feza. Alikuwa ametufuata bila kuitwa, unga wa muhogo umejaa mikononi. Alipita katikati yetu, akamtazama Saidi ndani ya kitenge, muda mrefu kuliko askari alivyomtazama. Kisha, badala ya kwenda langoni, alinigeukia mimi. Sasa hivi, wakati pumzi ya mdogo wangu ilikuwa ya kuhesabu, binti huyu alinigeukia na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwamini, niazime."

Sikuweza kumtazama. Nikasema, "Chukua." Sehemu ya pili, ile ya urudishe, sikuitamka.

Feza akaenda hadi kwa askari, karibu kiasi cha kumgusa. Hakupiga kelele. Alisema kwa ile sauti yao wenyewe, aliyokuwa ameisikiliza miezi yote ile kwenye kivuli cha mlingoti:

"Please. My sister no sleep. My sister die. No tomorrow. Now."

Kisha akarudia yote tangu mwanzo, neno kwa neno, bila kuharakisha. Uso wa askari ulibadilika kabla hajafika katikati. Alimshika Saidi shingoni kwa vidole viwili, akasema kitu kwenye redio yake, akafungua lango, akamsukuma mama ndani kwa mgongo wa mkono. Tuliona kitenge cha mama kikiingia kwenye hema jeupe na pazia likaanguka. Kasongo aliokota biskuti moja, akaitazama, akairudisha chini.

Saidi aliamka Ijumaa mchana na kudai bukari, ndio ugali wetu. Daktari yule, ambaye hatukuwahi kulijua jina lake, alituonyesha kwa vidole kwamba kulibaki muda mdogo sana, ule wa kupika chai. Mama alipotoka na mtoto alikuwa hajiwezi kwa kicheko na machozi. "Ule mutoto wa Pepa alisema nini?" akaniuliza. Nikaanza kumfasiria. Tafadhali. Mdogo wangu hasinzii. Mdogo wangu anakufa. Si kesho. Mama aliitikia kwa kichwa kila neno, ameridhika. Kwa Kiswahili mdogo ni mdogo, hakuna aliyeshangaa kitu. Ni mimi tu niliyekwama.

Nilimkuta Feza anaanika muhogo. Nikamwambia, bila hata asante, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa, "Saidi njo mwanaume. Wewe ulisema ndugu wa kike."

"Najua," akasema. "Ile njo neno nilikuwa nayo."

Akaendelea kupanga vipande vya muhogo. Halafu akaniambia, hakunitazama. "Alikuwa anaitwa Riziki. Mama alimubeba mugongoni tangu Pepa. Tulifika kwa bageni fulani wenye hema, kule njiani. Ule wa mulango akaangalia mutoto, akafanya hivi." Akaweka viganja viwili chini ya shavu. "Akasema ile neno yao ya kesho. Mama akamwambia kwa Kitabwa. Akamwambia kwa Kiswahili. Asubuhi njo bakatuita, na sisi tulikuwa tumeisha kumuzika."

Nikaokota kipande cha muhogo, nikakipanga na vingine. Mwishowe nikauliza swali la kijinga, lakini lilikuwa swali la kweli. "Sasa kama alikufa zamani, ulikuwa unakusanya maneno ya nini?"

"Nilitaka kujua ilikuwa inasemwaka namna gani," akasema Feza.

Somo lililofuata Mwalimu Mulongo alikuja na tai mpya. Alituhutubia nusu saa juu ya ubora wa njia yake ya kufundisha, ambayo, mmeona wenyewe, imeokoa roho ya mtu. Mashine iliyokufa aliiweka mezani mbele yake kama sanduku la sadaka. Kasongo alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Zamu ya Feza ilipofika, Mwalimu akachukua kalamu, maana sasa alikuwa anatoa maneno kichwani mwake, na hayo ni masimulizi mengine ya kusikitisha. Feza akasimama, akasema, "Yangu imetimia, Mwalimu." Akakaa. Hakuja tena. Mwezi ule ule yeye na mama yake walipata nafasi kwenye boti ya Moba, ili wapande tena juu milimani kuangalia kama nyumba ilibaki. Nilikwenda bandarini na ukurasa wangu wa maua, nimeuchana daftarini nimpe uwe wake kabisa. Boti ilikuwa imeshaondoka, inaonekana ndogo upande wa kusini. Ukurasa ule ninao.

Saidi leo ni baba mzima mwenye kitambi na simu mbili. Simu moja inamfasiria Kiingereza, Kichina, na lugha ambazo wenyewe sijui kama bado wapo hai. Inaongea, inaimba, haijawahi kupumzika juu ya bati. Anaitumia kubishana na Waingereza juu ya mpira. Juzi nilimsimulia tena habari ya langoni, akasema, "Enhe, dada," bila kuinua macho, kisha akacheka kitu kingine kabisa. Namwacha. Alipewa uhai autumie, hakuna aliyesema autumie vizuri.

Mimi nilikuja kuwa mwalimu wa Kiingereza hapa hapa Kalemie, mkiona ajabu chekeni peke yenu. Wanafunzi wangu wana maneno yote ya dunia mfukoni na hakuna hata mmoja mwenye neno lake. Nikiwapa insha juu ya mama zao, simu zinaandika, na akina mama arobaini wanatoka wote wakiwa na bustani ya maua na kupenda theluji. Mama wa Kalemie, theluji! Siku ya kwanza ya mwaka nawaambia kila mmoja achague neno moja tu, la kwake, aniambie kwa nini. Wananiona nimezeeka. Mmoja mwaka huu alichagua "mtandao". Nilipomuuliza kwa nini, alisema umekatika, ndiyo maana hajui.

Lakini kila mwaka somo la familia linafika. Naandika ubaoni baba, naandika mama, naandika kaka, mkono unakwenda vizuri. Halafu unasimama. Neno linalofuata nalijua, nimelifundisha miaka mingi, ila kwa sheria za vagoni si langu. Basi nageukia ubao, chaki mkononi, nasema kimoyomoyo, Feza, niazime, na nasubiri kidogo, muda wa mtu kujibu. Wanafunzi wanatazamana. Wanadhani mwalimu amesahau, na daima kuna mmoja mwenye huruma nyuma kule anayetoa simu ili anitafutie.